Nasra Ndiye Mrefu Pekee Aliyebaki

Jumanne, Novemba. Kingsbury. Mvua ile ya hapa ambayo hainyeshi wala haikatiki, imening'inia tu hewani tangu asubuhi.

Naogopa. Wacha nianze na hilo, nisije nikazungukazunguka hadi chai ikapoa. Naogopa tangu jana jioni, na leo kazini nilikaribia kumpa mgonjwa mmoja miadi ya mgonjwa mwingine mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nililala. Nililala, ila usiku kucha nilikuwa nagombania ribaundi kitandani.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mchana, isipokuwa Jumatano za mechi, napanga miadi kwenye kliniki. Jioni mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja huku kaskazini magharibi mwa London. Kocha mkuu ni Martin, Mwingereza mpole mwenye sauti kubwa. Kazi tumegawana. Yeye ana wafupi, wanaoupeleka mpira mbele na kupiga kutoka mbali. Mimi nina warefu, wale wanaosimama chini ya ringi wakisukumana na kugombania ribaundi, yaani mpira uliogonga chuma na kurudi. Nami nilikuwa mrefu wa timu ya shule kule Morogoro. Bado ni mrefu, ingawa siku hizi naruka kwa maneno zaidi kuliko kwa miguu.

Kila Jumanne, kabla ya chakula cha jioni, namtumia Martin majina ya warefu wawili watakaoanza mechi ya Jumatano. Haniulizi kwa nini huyu na si yule. Ndivyo tunavyofanya kazi, na haijawahi kunisumbua.

Leo hadi mchana nilikuwa sijatuma.

Mwaka jana ilikuwa kazi ya raha. Nilikuwa na Ifeoma, Kasia na Georgina, wote wa mwaka wa mwisho, wote wamekomaa. Ifeoma akishaweka mgongo wake chini ya ringi, humwondoi hata kwa trekta. Mmoja akichoka anaingia mwingine, na yule anayetoka anakaa benchi akimfundisha anayeingia, mimi nimekunja mikono najiona kocha wa maana. Kiangazi kilipofika wakavaa majoho, wakapiga picha na wazazi wao, wakaenda zao. Mmoja yuko benki, mmoja amerudi kwao Poland, mmoja anasomea ualimu Leeds. Niliwapigia makofi hadi viganja vikauma. Nilipofika nyumbani nikalia na kujiambia ni furaha, na haikuwa furaha yote.

Nikabaki na Daria wa mwaka wa pili, mwenye mwili na hasira za kutosha. Nikabaki na Holly, ambaye si mrefu hata kidogo ila ana mabega ya mpakia magunia. Na Nasra.

Jana Daria alikuwa anakimbilia basi ili awahi mazoezi. Akakanyaga vibaya ukingo wa barabara, kifundo cha mguu kikaumuka kama andazi. Mtaalamu wa viungo ametuambia tumsahau mpaka baada ya Krismasi.

Kwa hiyo nina Nasra.

Ana miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza, futi sita na inchi mbili, na mwembamba kiasi kwamba akisimama upande unaweza kumkosa. Amezaliwa hapa, wazazi wake ni Wapemba. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kusengenyana, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Anacheza na mtandio wake wa michezo na fulana ya mikono mirefu, na mpira ukifika kwenye viganja vyake haudondoki. Sijawahi kufundisha mtu mwenye mikono kama ile. Tukiwa peke yetu ananiita Auntie. Uwanjani ananiita Coach.

Kesho tunacheza na timu yenye senta mmoja, mrefu wao wa chini ya ringi, ambaye sitamtaja. Mwaka jana kiwiko chake kilimng'oa Ifeoma jino. Ifeoma yule yule wa trekta. Refa alimtoa kwa sababu ya damu, na robo ya mwisho akarudi uwanjani na pamba mdomoni. Mimi nilikaa benchi na jino lake kwenye leso.

Senta huyo ndiye atakayesimama na Nasra kesho, kifua kwa kifua.

Sasa nieleze kwa nini hili linanitesa kuliko inavyostahili, maana wachezaji wadogo huchezeshwa kila siku na dunia haisimami.

Septemba, kabla Nasra hajaruhusiwa kujiunga nasi, mama yake alitaka kumwona huyo kocha Mswahili aliyeambiwa yupo. Nikaenda kwao, Rayners Lane. Nikavua viatu mlangoni, nikakalishwa, nikalishwa katlesi na mkate wa kumimina mpaka pumzi zikawa za kuomba. Mama Nasra hakuuliza hata swali moja kuhusu kikapu. Aliuliza mama yangu yu hai, tumezaliwa wangapi, naishi na nani hapa mjini. Alipojua mimi ni Mkristo akasema haidhuru, cha muhimu ni kwamba siku akiwa na neno la kuniambia hatahitaji mkalimani.

Nilipokuwa mlangoni nimeinama nafunga viatu, akasema nyuma yangu kwamba ananikabidhi mwanawe. Ni amana, akasema.

Aliyelelewa kwetu anajua uzito wa neno hilo, na anajua kwamba huliitikii kwa kusema nitajitahidi. Ukisema utajitahidi unaonekana huna malezi. Unalipokea kwa mikono miwili na unaongeza na lako. Basi nikasimama na kamba moja haijafungwa, nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa, yuko kwa dada yake, hataumia.

Hataumia! Senta wa kikapu! Ni sawa na kumwahidi mtu kwamba mwanawe ataogelea na hatalowa.

Martin asingesema hivyo. Martin huwaambia wazazi waziwazi kwamba mchezo huu una maumivu, wanaitikia, anawapa mkono, basi. Ila Martin hajawahi kukabidhiwa mtoto akiwa ameshiba katlesi za mtu.

Nilidhani ni adabu tu, maneno ya mlangoni. Kumbe yalikuwa yamenikaa mwilini. Mazoezini Daria akimwendea Nasra kwa bega, mimi napiga filimbi. Natafuta kosa: miguu imekaa vibaya, turudie. Wakirudia na Daria akimwendea tena, naona mpira hauna upepo wa kutosha. Nikamhamishia Nasra nje ya eneo la chini ya ringi, apige kutoka mbali, nikasema nampanua kimchezo. Holly nilimwita pembeni nikamwambia asimsukume sana, bado mgeni. Wasichana si wajinga. Walikuwa wanatazamana na mimi najifanya sioni.

Wiki iliyopita, tukikusanya mipira, Martin alisema bila kunitazama kwamba hajawahi kumwona Nasra akianguka kwenye ukumbi ule. Nikacheka, nikasema si unaona alivyo mwepesi. Nilishafika Wembley Park nabadilisha treni ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anasifu.

Na jana, baada ya habari za Daria, nikasema liwalo na liwe. Tuna mto mmoja mkubwa unaovaliwa mkononi, wa kumsukumia mrefu anapopanda kufunga ili azoee kugongwa. Nikauvaa mwenyewe. Nasra akapanda, nami nikamgusa kama ninayepangusa vumbi kwenye kochi. Holly akatazama dari. Nikarudia kwa nguvu kidogo, akasogea nusu hatua, nami papo hapo nikauangusha mto na kumuuliza kama yuko sawa. Akanijibu, "I'm fine, Coach," kwa ile sauti unayomtolea bibi kizee unayemvusha barabara. Nikafunga mazoezi mapema, nikakimbilia treni.

Hapo ndipo hofu ilipogeuka sura. Mpaka jana nilikuwa naogopa kwamba ataumia. Tangu jana naogopa kwamba ataumia kwa sababu yangu. Kama tangu Septemba angesukumwa kama wenzake, sasa angejua pa kuweka mguu, jinsi ya kukunja kidevu, jinsi ya kuanguka kwa makalio na si kwa kiganja. Somo moja tu lilikuwa la lazima kwake, nalo ndilo nililomnyima, kisha nikajiita mlinzi wake.

Nimemlinda mpaka nimemwacha mtupu.

Leo asubuhi, mezani kazini, nikaandika ujumbe kwa Martin: Holly na mmoja wa wafupi wake. Tungefungwa vibaya sana, lakini tungerudi nyumbani na meno yetu. Nikausoma, nikaufuta. Nikauandika tena. Nikamwona Nasra amekaa benchi na miguu yake mirefu, akiwatazama watu wafupi wakifanya kazi yake, na akijua sababu. Nikaufuta tena. Mchana nikaomba ruhusa nitoke mapema, nikasema kichwa kinauma, na wala haukuwa uongo.

Nikashuka Rayners Lane, nikanunua maembe kwenye duka la karibu na stesheni maana kwenda mikono mitupu siwezi hata nikiwa nakwenda kujishtaki. Njiani nilikuwa napanga maneno. Kijasho chembamba kinanitoka na baridi yote hii.

Mama Nasra alikuwa jikoni anakatakata mchicha. Anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya huko, na leo ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Una nini weye? Umekuwa kama uliyekimbizwa na mbwa."

Nilimwambia yote, nimesimama, embe mkononi. Kwamba warefu wangu wa mwaka jana wameondoka, kwamba aliyebaki ameteguka mguu, kwamba amesalia Nasra peke yake. Nikamwambia kuhusu senta wa kesho na jino la Ifeoma. Nikamwambia kwamba kwa kumwonea huruma nimemharibia mazoezi, na kwamba siku ile mlangoni nilimwahidi jambo ambalo halikuwa mikononi mwangu.

"Nimekuja kuirudisha ile ahadi, mama. Siwezi kukwambia hataumia. Ukisema asicheze, hachezi. Kocha nitamweleza mimi."

Hakuacha kukata mchicha.

"Kwani nani alikuomba asiumie?"

Nikaweka maembe mezani.

"Hayo ulisema weye, unafunga viatu. Mie nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu ana adabu, lakini muongo. Nikakuitikia tu, ningefanyaje?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini. Nikakaa. Akanisogezea sahani ya mchicha na kisu cha pili, nami nikaanza kukata, kwa sababu katika nyumba ile mtu hakai bure.

Akasema yeye ana watoto wanne na hajawahi kumwomba mtu yeyote, hata daktari, ampe ahadi ya namna hiyo. Alichotaka ni kingine. Mji huu una watu wengi, akasema, lakini mwanawe akianguka mbele yao, nani atamwita mwanangu?

"Nilitaka pawe na mtu wake pale. Basi. Na kuumia kwenyewe, mbona anaumia kila wiki? Nani unadhani anamkanda?"

Kisu kikanisimama mkononi.

Nikaambiwa. Tangu Oktoba, mimi nikishatoka mbio kuwahi treni, Nasra hubaki ukumbini na Holly na Daria mpaka mlinzi aje kuzima taa. Wanauvaa ule mto kwa zamu. Wakiuchoka wanatumia mabega. Amekuwa akirudi nyumbani na mbavu zilizovilia damu, nyonga inauma, siku moja mdomo umechanika kwa ndani, na mama yake anapasha mafuta ya karafuu na kumkanda huku wanatazama tamthilia. Siku ya kwanza mama alishika simu anipigie. Nasra akamshika mkono.

Nikamuuliza kwa nini nisiambiwe mimi, kocha wake.

Mama Nasra akafuta mikono kwenye kanga. Kwa mara ya kwanza aliniangalia kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Alinambia, Mama, usimwambie Auntie. Auntie anaogopa sana."

Walikuwa wananilinda mimi.

Sijui niandike vipi nilichohisi pale jikoni. Kwanza nafuu, tena kubwa. Kumbe anajua kuanguka, kumbe amefundishwa, na wenzake, kwa mabega yao. Kisha aibu ikanipanda mpaka masikioni. Halafu, nikiwa bado nimeshika shina la mchicha, likanijia jambo jingine. Usiku ule mdomo wake ulipochanika, Holly alikuwepo. Daria alikuwepo. Mlinzi wa ukumbi, ambaye hata jina lake silijui, alimletea barafu. Mimi nilikuwa kwenye treni, nimeshakaa, labda nimesinzia, nashukuru Mungu siku imepita salama. Jambo moja tu niliombwa katika nyumba ile, na hilo moja sikulifanya.

Nikamwomba radhi. Akasema haya, yameshapita, kata mchicha.

Nasra akaingia, koti linachuruzika maji, akatukuta kimya tumeinamia sahani.

"Who died?"

"Hajafa mtu," mama yake akasema. "Auntie ana neno nawe."

Nikamwambia kesho anaanza yeye na Holly. Nikamwambia atagongwa tangu mpira wa kwanza na sitaweza kumsaidia. Sikupamba. Alinisikiliza akiwa anavua viatu, akasema anajua, ameshazitazama mechi za yule senta mpaka anajua huwa anaanza na bega gani. Akasema pia kwamba jana usiku alimpigia Ifeoma, namba akipewa na Daria, na Ifeoma alimwambia avae kinga ya meno na asimchekee. Nikaona kabisa kwamba benchi langu halikuwa limekwenda lote. Ni mimi tu niliyeacha kulitumia.

Nikamuuliza kama anaogopa. Akainua mabega, akasema ndiyo, kidogo, kawaida. Kisha akasita, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"It's just, when I get hit, you look away. Every time. Halafu mimi ndiyo naogopa."

Sikuwa najua kwamba nageuza uso. Nilidhani naangalia wachezaji wengine, naangalia saa, naangalia Martin anataka nini. Mtoto yuko katikati ya uwanja, ana mtu mzima mgongoni, na bado alikuwa na nafasi ya kuona uso wangu umekwenda wapi. Kwa kila pigo alikuwa anaamka peke yake. Nilitaka kujitetea, nikaacha. Nikamwambia nimesikia.

Sasa niko nyumbani, sijavua hata koti. Nimemwandikia Martin: Nasra na Holly. Amenijibu kwa dole gumba tu, kama kila Jumanne, na mimi nimekaa naliangalia lile dole kama nimepewa hukumu. Mama Nasra amenitumia ujumbe wa sauti kwamba amebadilishana zamu na mwenzake na kesho anakuja, hajawahi kuja hata mara moja, na anataka nimwekee kiti karibu na benchi letu. Nimemjibu karibu sana.

Nilifikiri nikishasema ukweli hofu itapungua. Haijapungua, imehama tu chumba. Asubuhi nilikuwa naogopa mbavu zake na meno yake. Bado naziogopa, sitadanganya tena. Lakini zaidi naogopa shingo yangu mwenyewe, jinsi itakavyotaka kugeuka pale kiwiko kitakapoinuka, na mama yake amekaa hatua mbili kutoka nilipo.

Sina ahadi ya kumpa mtu yeyote leo, wala kwenye ukurasa huu. Najua mpira utarushwa juu saa tisa alasiri. Najua yule atamgonga, na Nasra ataanguka, pengine zaidi ya mara moja, na safari hii ataanguka nami nikiwa pale.

Nitaweza kumtazama mpaka ainuke?